Harusi bila keki: tuweke nini mezani?

Barua nyingi za toleo hili zimeuliza jambo moja kwa sura tofauti: maharusi hawataki keki ya ghorofa, wanataka vitamu vya kwetu, lakini hawajui vipi vitatosha, vipi vitadumu na vipi vitashika nafasi ya keki pale MC anapoita wazazi mbele. Kikombe tunachopimia kwenye majibu haya ni cha mililita 240.

*

Mimi na mchumba wangu hatuli keki na tumekubaliana tusiinunue. Wazee wanauliza tutakata nini na tutawapa nini wao mbele ya watu. Wageni ni 250, ukumbini, usiku, mwezi wa Desemba.
Bi harusi mtarajiwa, Tanga

Hongera, dada. Kabla ya kuchagua kitu chochote, tenganisha kazi mbili ambazo keki huzifanya harusini. Ya kwanza ni ya heshima: kukata, kulishana, kisha kuwapelekea wazazi wa pande zote mbili. Ya pili ni kuwapa wageni kitu kitamu baada ya pilau. Kitamu kimoja mara nyingi hakiwezi kazi zote mbili. Halwa inapendwa na kila mtu, lakini huwezi kuikata mbele ya kamera ikapendeza, maana kisu kinateleza na kipande kinajikunja. Kaimati zinashibisha ukumbi mzima, ila mkizilisha midomoni shira itachuruzika hadi kwenye gauni.

Kwa kukata, tunakushauri mkate wa sinia. Una umbo la keki, unasimama wenyewe, unakatika vipande safi na kisu hakihitaji nguvu. Tumia mikate mitatu ya sentimita 18, 22 na 26, kila mmoja kwenye kibao au sahani yenye mguu wa urefu wake. Usiipandishe mmoja juu ya mwingine: ndani yake ni laini yenye matundu, na ule wa chini utabonyea kabla hamjafika. Pembeni zungushia asumini na rehani za bustani ya nyumbani. Maua ya kununua dukani mara nyingi yamepuliziwa dawa, basi yasiguse chakula, yakae chini ya sahani.

Kwa kulishana, chagueni tende iliyotolewa kokwa na kujazwa lozi moja. Haidondoki, haina rangi ya kuchafua, na inaingia mdomoni kwa mara moja.

Kwa wazazi, andaa masinia mawili madogo yaliyofunikwa kawa: mkate wa sinia mzima wa sentimita 18, halwa nusu kilo kwenye bakuli, na visheti vya kuzungushia. Mzazi akifunuliwa kawa mbele ya watu amepewa heshima kamili. Mwambie MC mapema majina ya vilivyomo, asije akatangaza "sasa tunakwenda kwenye keki".

Kwa wageni, usiweke meza moja ndefu ya kujipakulia. Foleni ya watu 250 itakula nusu saa, na wa mwisho watakuta shira tu. Kama wageni wako wanakaa kumi kumi, kila meza ipate sinia lake lenye halwa gramu 500, kaimati 25, visheti gramu 300 na matunda yaliyokatwa. Kwa meza 25 hiyo ni halwa kilo 12 na nusu, kaimati 625 na visheti kilo 7 na nusu. Ongeza masinia mawili ya akiba kwa wageni wasioalikwa, ambao Tanga hawakosekani, na kwa wapishi.

Joto la Desemba nalo liko upande wenu. Krimu ya siagi huanza kulegea joto likipita nyuzi 25, na feni za ukumbi haziizuii. Halwa na visheti havijali.

*

Ninapika kwenye shughuli. Mkate wangu wa sinia ukiwa mdogo unatoka vizuri, lakini nikipika mkubwa wa harusi unatumbukia katikati, na safari nyingine unakuwa mzito kama haukuumuka. Kosa liko wapi?
Mpishi, Mombasa

Dada mpishi, makosa hayo mawili yana sababu tofauti, kwa hiyo tupite hatua kwa hatua.

Kwa chombo cha sentimita 26 chenye kina cha sentimita 6 tumia mchele gramu 500, tui zito mililita 400 (la mkamuo wa kwanza, nazi mbili kubwa), sukari gramu 200, hamira kijiko 1 cha chai, iliki ya unga kijiko 1 cha chai na ute wa mayai 2. Mchele uwe mbichi wa kawaida, kama basmati. Uliochemshwa na maganda yake kiwandani haufai, kwa sababu wanga wake umekwisha kuiva: hausagiki ukalainika, na mkate unatoka wa kunata.

Loweka mchele saa 8 au usiku kucha, chuja kabisa, kisha saga na tui na sukari. Sukari ikiyeyuka italegeza mchanganyiko, basi usishawishike kuongeza maji mwanzoni mashine inapogoma. Saga kidogo kidogo. Chukua tone ulisugue kati ya vidole: ukihisi chenga, endelea. Mchele wenye chenga hutua chini wakati wa kuumuka, na hapo ndipo mkate unapokuwa na tabaka zito chini na povu juu. Hamira, iliki na ute wa mayai vitie mwisho, na uhakikishe kwanza kwamba mchanganyiko haujapashwa moto na mashine. Ukiwa wa moto wa kuunguza kidole, hamira imekufa, na huo ndio mkate wako "usioumuka".

Funika, acha pakiwa joto dakika 45 hadi 60. Mombasa mchana, dakika 40 zinaweza kutosha. Angalia mchanganyiko, usitazame saa: ukikaribia kuwa mara mbili na juu kumejaa viputo vidogo, uko tayari. Ukisubiri hadi viputo viwe vikubwa na katikati kuanze kubonyea, hamira imechoka. Mkate huo utapanda ndani ya oveni kwa dakika kumi kisha utaanguka, na huko ndiko kutumbukia kunakokusumbua. Ukiwa na michanganyiko mitano na oveni moja, wa tano lazima uchoke. Tia hamira kwa zamu, kila mchanganyiko dakika 40 baada ya uliotangulia.

Pasha chombo moto na kijiko cha samli hadi samli ichezecheze, kisha mimina mara moja bila kukoroga tena. Oveni iwe nyuzi 180, dakika 35 hadi 45. Kwa makaa, weka machache chini na mengi juu ya kifuniko, kwa sababu samli iliyo chini inaunguza upesi. Usifungue kabla ya dakika 25.

Kuhusu ukubwa: achana na sinia la sentimita 40. Kingo zitakauka kabla katikati hakujashika, nawe utautoa ukidhani umeiva kwa kuwa juu pamepata rangi. Mikate miwili ya sentimita 26 inalisha watu 24 hadi 28, na inatoka sawa kila mara. Choma katikati na kijiti, kitoke kikavu. Uache upoe juu ya wavu, si ndani ya chombo, maana mvuke utalowesha kitako.

Pika asubuhi ya siku yenyewe. Tui huchachuka upesi kwenye joto la pwani, na mkate wa jana jioni utakuwa na harufu ya uchachu kufikia wakati wa kukatwa.

*

Kamati yetu imepitisha kaimati kwa wageni 300. Mama mmoja amesema ataamka alfajiri azipike zote, zikae hadi saa mbili usiku. Inawezekana?
Katibu wa kamati, Dar es Salaam

Ndugu katibu, mpunguzieni mama huyo mzigo. Kaimati ya alfajiri ikifika usiku itakuwa ngozi nje na sponji ndani. Kaimati iliwe ndani ya saa tatu au nne tangu itoke kwenye mafuta.

Hesabu ni hii. Unga wa ngano gramu 500 hutoa kaimati 60 hivi za ukubwa wa ndimu ndogo. Kila mgeni akipata tatu, mnahitaji 900, yaani mikando 15: unga kilo 7 na nusu, na kwa shira sukari kilo 6. Kila mkando una hamira vijiko 2 vya chai, sukari kijiko 1 cha chakula, mtindi vijiko 2 vya chakula, unga wa mchele vijiko 2 vya chakula kwa ajili ya ukakamavu, iliki, na tui jepesi au maji vuguvugu mililita 400 hadi 450. Piga kwa mkono kwa nguvu dakika saba au nane hadi unga uwe unavutika na kuachana na kuta za bakuli. Uumuke saa moja.

Sasa muda, ambao kamati nyingi husahau kuuhesabu. Karai pana hubeba kaimati 25, na kila duru ni dakika 8. Kaimati 900 ni duru 36, karibu saa tano kwa karai moja. Mkiwa na makarai matatu na wapishi watatu mnamaliza kwa chini ya saa mbili. Kama sherehe inaanza saa moja na vitamu vinatoka saa tatu, moto uwashwe saa kumi na mbili jioni. Mikando nayo ikandwe kwa awamu tatu za mitano, nusu saa kati ya awamu na awamu, ili wa mwisho usichachuke ukisubiri.

Mafuta yawe kama nyuzi 170. Pasipo kipimajoto, dondosha tone la unga: lizame, kisha lielee baada ya sekunde mbili tatu. Likielea papo hapo mafuta ni makali, na kaimati zitakuwa nyekundu nje na mbichi ndani. Likikaa chini, zitakunywa mafuta. Zigeuze mfululizo, ukizimwagia mafuta juu, zipande rangi pande zote.

Kwenye shira kuna uamuzi wa kufanya. Sukari vikombe 2 kwa maji kikombe 1, zikichemka na kijiko cha chai cha maji ya ndimu, hubaki ng'avu na za kunata. Zinafaa nyumbani. Kwa harusi, acheni ndimu. Chemsha hadi shira ivute uzi kati ya vidole viwili, epua, tia kaimati zilizopoa kidogo, kisha zigeuze na mwiko bila kuacha hadi sukari igeuke nyeupe na kuganda juu yake. Ganda hilo kavu hufanya kazi tatu: kaimati hazishikani, mikono ya wageni haichafuki, na unyevu wa hewa unachelewa kuingia ndani. Shira ikikataa kuganda, haikuiva vya kutosha. Irudishe motoni dakika mbili, bila kaimati.

Na msizifunike zikiwa za moto. Ndoo ya plastiki yenye kifuniko ndiyo adui mkubwa wa kaimati za harusi. Tumieni masinia mapana na kitambaa chepesi juu.

*

Nimeona picha za mnara wa Wafaransa, vitobosha vimepangwa kama koni na nyuzi za sukari zimezungushwa. Naweza kupata kitu kama hicho kwenye harusi yangu ya Machi?
Msomaji, Nairobi

Unachokisema ni croquembouche, kitamu cha harusi cha Ufaransa: vitobosha vyepesi vya unga uliopikwa motoni kabla ya kuokwa, ndani yake krimu ya mayai na maziwa, vimegandishwa kwa sukari iliyochomwa hadi rangi ya asali. Nairobi unawezekana. Hewa yenu ni baridi na kavu kuliko ya pwani, na ukijengwa saa tatu kabla ya kukatwa utasimama. Ila ikinyesha siku hiyo, na Machi mvua za masika huanza, mjue kwamba sukari iliyochomwa huvuta maji kutoka hewani. Nyuzi zitayeyuka kwanza, kisha viungo vya koni vitaanza kuteleza. Krimu nayo haipaswi kukaa nje ya friji zaidi ya saa mbili, kwa hiyo mnara wa kupambia ukumbi tangu mchana, uliojaa krimu, haufai kuliwa usiku.

Sisi tungejenga koni ya kaimati zenye ganda kavu la sukari. Tengeneza koni ya karatasi ngumu yenye kitako cha sentimita 25 na kimo cha sentimita 45, ifunike kwa karatasi ya kuokea, uifunge imara kwenye sinia. Nje yake zitaingia kaimati 150 hivi za sentimita tatu na nusu. Anza chini na kubwa, panda na ndogo, ukibandika kila moja kwa tone la shira nzito. Usitumie vijiti vya meno: mtoto ataing'oa na kutia mdomoni. Nyingine ziwe kwenye masinia jikoni, kwa kuwa mnara wa 150 haulishi ukumbi.

Jambo moja la Nairobi ambalo mapishi ya pwani hayasemi. Mji uko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 94 au 95. Shira ya kuganda, ambayo Mombasa tungeisoma nyuzi 112 hadi 115, kwenu ipunguzwe nyuzi tano. Ukifuata namba ya pwani, maji mengi mno yatakuwa yamekwisha toka na sukari itaganda sufuriani kabla hujageuza kaimati. Unga pia huumuka upesi zaidi huko juu, lakini ubaridi wa asubuhi huurudisha nyuma, basi uangalie wenyewe.

*

Upande wetu tunataka ndafu tu. Wakwe wanasema harusi bila kitu kitamu cha kukata haijakamilika. Tutawapatanishaje?
Mama wa bwana harusi, Moshi

Shikamoo mama. Hapa hapana ugomvi. Ndafu ni mbuzi mzima aliyeokwa na kupambwa, anaingia kwa shangwe na anakatwa mbele ya watu. Kwa hadhi amekwisha shika nafasi ya keki, na wapo wanaomwita keki ya Wachaga. Lakini ni nyama, na nyama huenda na chakula. Basi ndafu aingie kabla chakula hakijafunguliwa, akatwe na maharusi, wakwe wapelekewe sehemu yao hapo hapo akiwa wa moto, maana mafuta ya mbuzi yakipoa huganda na kubaki kwenye kaakaa. Kitamu kitoke mwisho bila sherehe ya pili ya kukata, kikiwa tayari kimewekwa kwenye meza za wageni. Wakwe wakishikilia kukata, wapeni mkate wa sinia mmoja au keki ndogo ya kawaida. Haigharimu sana, na wakwe wakiondoka na kinyongo mtakaa nacho miaka.

*

Ndugu yetu anaoa hapa Toronto mwezi wa Januari. Ukumbi hauruhusu kukaanga na tuko mbali na Zanzibar. Tunataka halwa. Ipikweje?
Wasomaji, Kanada

Ipikeni nyumbani siku mbili kabla. Halwa ndiyo kitamu kinachofaa zaidi kwenu, kwa sababu haiwi mbaya kwa kukaa na haihitaji kupashwa.

Chungu kimoja kinachukua wanga wa muhogo kikombe 1, sukari vikombe 4, maji vikombe 7, samli kikombe 1, iliki kijiko 1 cha chai, zafarani kidogo iliyolowekwa kwenye arki ya mawaridi vijiko 2 vya chakula, na lozi au korosho kikombe 1. Wanga huo mtaupata kwenye maduka ya Waasia, paketi zimeandikwa tapioca. Wanga wa mahindi (cornstarch), si unga wa ugali, hushika pia, ila halwa yake hukatika badala ya kuvutika.

Koroga wanga kwenye maji vikombe 2 na uache nusu saa. Maji vikombe 5 na sukari vichemke kwenye sufuria yenye kitako kizito. Ukoroge wanga tena, kwa kuwa umetuama, uuchuje moja kwa moja kwenye sufuria huku mwenzako anakoroga bila kusita. Mtu mmoja peke yake atapata madonge. Moto uwe wa wastani. Baada ya dakika 20 hivi utaacha weupe na kuwa kama kioo, na hapo ndipo samli inaanza kuingia, vijiko viwili kwa wakati, usiongeze hadi iliyotangulia imemezwa. Samli ikimiminwa yote pamoja huelea na halwa haiichukui tena. Endeleeni kukoroga saa moja hadi moja na nusu. Mkono utauma, pokezaneni, lakini mwiko usisimame, kwa sababu kitako kikiungua harufu inaenea chungu chote na hakuna iliki ya kuificha. Zafarani, arki, iliki na lozi viingie dakika kumi za mwisho.

Imeiva ikijikusanya na kuachia kuta za sufuria, samli ikianza kutokeza pembeni, na ukiibonyeza ikirudi bila kunata kidoleni. Ukionja ukahisi unga, bado. Chungu hicho hutoa kama kilo 1.7, yaani watu 25 kwa gramu 65 hivi. Msizidishe vipimo mara nne kwenye sufuria moja, hamtaweza kuukoroga. Pikeni vyungu vinne.

Isiingie friji. Baridi huifanya wanga iwe ngumu na halwa ikose ule mvuto wake. Ikae kwenye bakuli lililofunikwa, jikoni. Na mpange kahawa chungu yenye tangawizi, chupa ya lita mbili kwa kila watu 20 kwa vikombe vidogo. Bila kahawa, mgeni anaishia kijiko cha pili.

*

Kati ya wageni wetu kuna wazee kadhaa wenye kisukari, na mtoto mmoja ambaye karanga humvimbisha midomo. Tufanyeje tusiwatenge?
Mama mlezi, Unguja

Kwa mtoto, Bi Mkubwa, tahadhari ianzie jikoni, mezani ni kuchelewa. Mafuta yaliyokaangia kitu chenye karanga yasikaangie kaimati zake. Visheti na vileja visikae sinia moja na kashata za karanga, kwa sababu chenga husafiri. Afadhali mziache kashata za karanga kabisa siku hiyo na muweke za nazi. Ulizeni wazazi wake kama korosho na lozi nazo humdhuru, na kila sinia liwe na kikaratasi cha kueleza kilichomo.

Kwa wazee, msiamini kitamu kilichopunguzwa sukari kidogo, na tende isichukuliwe kuwa dawa: ni sukari pia. Wawekeeni sahani ya korosho za kuchoma (kama hazimdhuru yule mtoto), tango, mapera na vipande vya nanasi vichache, na chai isiyotiwa sukari. Sahani hiyo iwe kwenye kila meza, si mbele ya wazee tu, nao watachagua wenyewe bila mtu kuwatazama.

*

Wifi yangu anataka vikombe vidogo vya kastadi na matunda juani, harusi ya bustani. Mimi naogopa.
Msomaji, Morogoro

Unaogopa kwa haki. Maziwa na mayai visikae nje zaidi ya saa mbili, na joto likizidi nyuzi 32 ni saa moja. Kama hamna majokofu ya barafu yatakayotoa vikombe kwa awamu za hamsini hamsini, acheni. Faluda ya chinagrass (kigandishi cha mwani, agar) hushika umbo lake kwenye joto, tofauti na jeli ya kawaida inayoyeyuka, lakini maziwa yaliyomo ndani yake yana sharti lile lile la saa. Kwa bustani ya mchana tungechagua ndizi mbivu, maembe na mapapai yaliyokatwa papo hapo, na vileja.

*

Tunapika wenyewe, wanawake sita wa ukoo. Tuanze lini ili tusiangukiwe na kazi yote siku moja?
Shangazi wa bi harusi, Lamu

Shangazi, anzeni na visheti, siku kumi kabla. Unga kilo 1, samli robo kilo, iliki, na maziwa kiasi cha kushika. Ukitia maziwa mengi vinakuwa kama maandazi na havidumu. Samli isuguliwe kwenye unga kwanza hadi ukiufumbata ushikane, ndipo maziwa yaingie. Vikaangwe moto mdogo hadi viwe vikavu ndani, kwa kuwa kisheti kibichi katikati ndicho kinachoota ukungu ndooni. Vipoe kabisa, kisha vitiwe shira ya kuganda. Ndoo lazima iwe kavu na ifungwe sawasawa.

Wiki moja kabla, vileja: unga wa mchele nusu kilo, samli robo, sukari ya unga robo, mayai 2 na iliki. Vinavunjika upesi, vipangwe kwa tabaka na karatasi kati yake, na visisafirishwe kwenye boti kabla ya kufungwa vizuri.

Siku tano kabla, kashata za nazi na labania (vitamu vya maziwa na sukari). Nazi ya kashata ikaangwe kwanza ipungue maji, la sivyo zitachacha siku ya tatu. Labania zikatwe zikiwa vuguvugu, zikipoa zinapasuka.

Siku mbili kabla, halwa, mkipika au mkinunua. Mkinunua, ombeni kuonja ya sufuria ile ile mtakayouziwa, na bonyezeni kwa kidole. Yenye chembe za sukari ni ya zamani au imepikwa haraka.

Siku yenyewe ibaki na mkate wa sinia asubuhi, matunda alasiri na kaimati jioni. Wawili kati yenu sita wasiguse moto kabisa siku hiyo: kazi yao iwe kupanga masinia, kuhesabu meza na kuweka kando, kabla ya mgeni wa kwanza kuingia, vifurushi vya watakaobeba kwao. Visheti na halwa ndivyo vya kufungasha. Kaimati zilizobaki zigawiwe watoto usiku huo huo.